Bustani ya Nyumbani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Saladi Inayostahimili Joto

Barua nyingi zilizotufikia tangu kaskazi ianze kuvuma zinauliza habari za saladi ya majani, ile ambayo wasomaji wetu wa Kenya huiita letusi. Tumechagua barua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi wanaoishi katika maeneo ya joto, hasa wale wenye eneo dogo la bustani nyuma ya nyumba au wanaopanda kwenye viroba na ndoo.

SWALI: Ndugu mhariri, mwezi Januari nilinunua pakiti mbili za mbegu za saladi aina ya Great Lakes, nikazisia moja kwa moja kwenye tuta nililolitayarisha vizuri kwa mboji, nikamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Hadi wiki mbili zinapita, ilikuwa imeota miche ya kuhesabika kwa vidole. Muuzaji anasema nilizizika mno, na jirani anasema nimeuziwa mbegu bandia. Je, nani mkweli? Na je, saladi inaweza kweli kustawi huku kwetu? *Msomaji wa Kigamboni, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu yetu wa Kigamboni, kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea mbegu zako zilikuwa hai, na kilichozizuia kuota ni joto la udongo. Mbegu ya saladi huota vizuri zaidi katika udongo wenye nyuzijoto kati ya 15 na 20. Udongo unapopita nyuzijoto 27 hivi, mbegu za aina nyingi huanza kusita, na zikilowana katika joto la 30 au zaidi hulala usingizi ambao hazitoki hata ukizimwagilia kila saa. Sasa fikiria tuta lililo wazi Kigamboni, saa nane mchana, mwezi Januari: tabaka la juu la mchanga usio na kivuli laweza kupita nyuzijoto 40, na mbegu ya saladi hukaa katika tabaka hilohilo. Muuzaji wako naye hakukosea yote, kwa kuwa mbegu za aina nyingi huhitaji mwanga ili ziote, na kwa hiyo hazitakiwi kufukiwa zaidi ya nusu sentimita.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa kila anayeishi ukanda wa pwani ni kuacha kabisa kusia saladi moja kwa moja bustanini, na badala yake kuotesha miche mahali pa ubaridi na kuipandikiza. Mmea mkubwa wa saladi huvumilia joto kwa kiasi, lakini mbegu iliyolowana haivumilii, na saa 24 za kwanza tangu ionje maji ndizo zinazoamua kama itaota au italala. Bahati nzuri ni kwamba saa hizo 24 waweza kuzitawala ukiwa jikoni mwako.

Chukua kitambaa safi cha pamba au karatasi laini ya jikoni, ilowanishe kisha uikamue isibaki ikichuruzika, tandaza mbegu juu yake, ikunje, iweke ndani ya kopo lenye mfuniko, kisha iweke katika rafu ya chini ya friji, wala si mahali pa kugandishia barafu, kwa siku moja hadi mbili. Asiye na friji na afunge mbegu katika kitambaa kibichi na kukiweka ubavuni mwa mtungi wa maji, mahali penye kivuli na upepo, kwa sababu hapo huwa na ubaridi kuliko kwingineko nyumbani. Jioni, jua likishatua, zisie mbegu hizo katika trei ya miche au makopo madogo yaliyotobolewa chini. Kusia jioni si jambo dogo: huzipa mbegu usiku mzima wa kuendelea kufyonza maji kabla joto la mchana halijarudi. Zinyunyizie mboji iliyochekechwa, kidogo tu kiasi cha kuzificha, kisha trei ikae barazani au chini ya mti wenye kivuli kizito.

Siku ya pili au ya tatu uangalie kwa makini. Utaona ncha nyeupe ya mzizi ikichungulia, fupi kuliko punje ya mchele, na muda mfupi baadaye majani mawili ya kwanza yataibuka. Hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri waliyokwisha kuifanya, kwa kuiacha miche katika kile kivuli kizito kilichozisaidia mbegu. Mbegu ilihitaji ubaridi, lakini mche unahitaji mwanga, na ukiunyima kwa siku mbili tu hurefuka shingo, hupauka na kulala chini. Kwa hiyo siku hiyohiyo miche inapochomoza, ihamishie mahali inapopata jua la asubuhi hadi saa nne hivi, kisha kivuli chepesi kwa siku iliyobaki.

Kwa udongo wa trei, changanya mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa, pamoja na mchanga kidogo au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi hayo yasuuzwe mara kadhaa kwa maji baridi, maana mara nyingi huwa na chumvi, hasa yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba. Mwagilia asubuhi, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya usiku. Miche inayolala na unyevu mwingi, tena ikiwa imesongamana, hupata kinyausi: shina hunyauka pale linapogusana na udongo, na trei nzima yaweza kuisha kwa siku chache.

Kuhusu aina, Great Lakes ni saladi ya kufunga kichwa iliyotoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940. Miongoni mwa zile za kichwa ni mojawapo ya zinazojitahidi, lakini saladi yoyote ya kichwa inahitaji usiku wa baridi ili ifunge sawasawa, na usiku wa namna hiyo hupatikana Lushoto, Arusha au milima ya Uluguru. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000, mkulima wa kule anapata usiku ambao Kigamboni hatuwezi kuupata hata tukitumia kivuli cha namna gani. Kwetu sisi wa pwani, tuchague za majani yaliyo wazi kama Black Seeded Simpson na Salad Bowl, au zile za kundi la Batavia kama Nevada na Sierra, ambazo majani yake ni manene na yenye mkatiko mzuri mdomoni. Ukipata Jericho, ambayo ni saladi ndefu iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya joto, au Anuenue iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Hawaii, usiiache, kwani Anuenue husifiwa kwa kuota hata udongo ukiwa na joto kidogo.

Jambo la mwisho kabla sijakuacha: mbegu ya saladi huharibika upesi ikihifadhiwa katika joto na unyevunyevu. Soma tarehe kwenye pakiti, na zinazobaki zifunge katika chupa kavu isiyopitisha hewa, uziweke frijini. Gramu moja tu ina mamia ya mbegu, hivyo pakiti moja ikitunzwa hukutosha kwa misimu kadhaa.

SWALI: Mimi ni mstaafu, nina bustani ndogo karibu na bahari. Miche ya saladi naipata ikiwa mizuri kutoka kwa kijana mwenye kitalu, lakini nikishaipandikiza, nusu yake hunyauka ndani ya siku tatu, na inayobaki huungua kingo za majani. Udongo wangu ni wa kichanga na maji ninayotumia ni ya kisima. Tafadhali nisaidie. *Msomaji wa Raskazone, Tanga*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Barua yako ina mambo mawili yanayohitaji kutenganishwa, yaani mshtuko wa kupandikizwa na chumvi ya maji.

Nianze na mshtuko. Mche wa saladi uwe na umri wa wiki tatu hadi nne na majani manne au matano unapohamishwa. Mkubwa zaidi ya hapo huwa mizizi yake imezunguka ndani ya trei, na hata ukikubali kushika, mara nyingi huwahi kurefuka shina. Unapouchomoa, udongo wake utoke ukiwa mzima, umeshikwa na mizizi myeupe. Ukiona mizizi ya rangi ya kahawia iliyosokotana chini, mrudishie kijana wako na umwombe iliyo michanga. Halafu muulize miche yake ilikaa wapi. Ikiwa imekulia chini ya kivuli wakati wote, basi wewe mwenyewe uizoeze kwa siku tano hadi saba, ukiisogeza katika jua kidogo zaidi kila siku na kuipunguzia maji pasipo kuiacha inyauke.

Siku ya kupandikiza, ngoja alasiri ipite. Lowanisha trei saa moja kabla, lowanisha na tuta, chimba vishimo vilivyoachana kwa sentimita 25 hivi, kisha weka mche ili udongo wake wa trei uwe sawasawa na uso wa tuta. Moyo wa mche, pale majani machanga yanapotokea, usifukiwe hata kidogo, kwa kuwa ukizikwa huoza. Bonyeza udongo kwa vidole viwili kuzunguka mche ili pasibaki uwazi wa hewa kwenye mizizi, kisha mwagilia taratibu. Asubuhi yake jua lisiikute miche wazi: chomeka makuti ya kuikinga, au tandaza juu yake wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua. Baada ya wiki moja waweza kuondoa makuti asubuhi na kuyarudisha mchana. Kama bado hujachagua mahali pa tuta, upande wa mashariki wa ukuta wa nyumba ni bora kuliko wavu wowote wa kununua, kwa sababu hupata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri bila gharama.

Sasa chumvi. Saladi ni miongoni mwa mboga zisizovumilia chumvi nyingi, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi. Angalia ni majani gani yanaungua. Yakiwa yale ya nje, makubwa na ya zamani, yanayokauka kuanzia kingoni, mshuku chumvi, ama ya kisima ama ya samadi ya kuku iliyozidishwa. Yakiwa yale madogo ya ndani kabisa yanayogeuka kahawia nchani, basi tatizo ni kalsiamu kutofika katika majani machanga, na kwa kawaida chanzo chake si upungufu wa kalsiamu katika udongo bali ni umwagiliaji wa leo mwingi, kesho hakuna. Kwa hali ya kwanza, miche michanga ipewe maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga, na kama huna budi kutumia kisima, uyachanganye, na mara moja kwa wiki umwagilie kwa wingi ili chumvi iteremke chini ya mizizi. Kwa hali ya pili, dawa ni ratiba.

Katika mchanga kama wa Raskazone, mwagilia asubuhi na jioni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mizizi ya saladi iko katika sentimita 30 za juu, ambazo hukauka kwanza. Changanya mboji kwa wingi, na tandaza matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga yenye unene wa sentimita tatu hadi tano, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina. Ukiingiza kidole chini ya matandazo hayo saa saba mchana, utahisi tofauti ya ubaridi waziwazi, na ubaridi huo ndio tunaoutafuta.

SWALI: Mhariri mpendwa, letusi yangu inamea vizuri kwa wiki chache, halafu katikati panachomoza shina refu na majani yanakuwa machungu kama mchunga. Jirani yangu ananishauri niongeze mbolea. Je, nifanye hivyo? *Msomaji wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Dada wa Likoni, mbolea haitasaidia kitu, kwani mmea ukishaanza kupanda shina kuelekea kutoa maua haurudi nyuma. Umeutaja mchunga, nao kwa kweli ni ndugu wa letusi. Yote miwili imo katika ukoo mmoja na alizeti, na ukikata shina la mmoja wao utaona utomvu mweupe kama maziwa. Uchungu umo katika utomvu huo, na huzidi mmea unapojiandaa kuchanua.

Katika nchi za mbali na ikweta, letusi husukumwa kutoa maua na joto pamoja na urefu wa mchana wakati wa kiangazi chao. Mombasa urefu wa mchana haubadiliki sana, ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo kinachokusumbua ni joto, hasa la usiku, likisaidiwa na kiu na mizizi iliyobanwa. Hili ni jambo jema kwako, kwa maana kivuli, matandazo na maji ya kutosha huweza kuuchelewesha mmea kwa siku nyingi za kukuwezesha kula.

Kubwa zaidi ni kuvuna mapema. Katika miezi ya joto usingoje mmea ukamilike. Anza kuchuma majani ya nje wiki ya nne baada ya kupandikiza, au ukate mmea wote sentimita tatu juu ya ardhi nao utachipua tena mara moja au mbili. Chuma alfajiri, majani yakiwa yamejaa maji, yatumbukize katika maji baridi, kisha uyahifadhi frijini. Jifunze kuitambua dalili ya kwanza: majani ya katikati huacha kulala na kuanza kusimama wima, na ukiyapanua kwa vidole utaona nafasi kati ya jani na jani kwenye shina. Siku hiyo vuna mmea wote. Huku nyuma uwe umesia trei nyingine kila baada ya wiki mbili, ili uwe na miche ya kujaza pengo.

Nakusihi ufanye na jambo moja ambalo wakulima wa bustani za nyumbani hulisahau. Letusi hujichavusha yenyewe, na aina nyingi si chotara, kwa hiyo mbegu unayoikusanya huzaa mmea unaofanana na mama yake. Wengi huacha mmea wa kwanza kuchanua utoe mbegu, kwa kuwa umekwisha kuharibika kwa kula, na kwa kufanya hivyo huchagua mbegu za mmea usioweza joto kuliko yote. Fanya kinyume: mimea inayowahi kuchanua ing'oe, na ule uliochelewa kuliko yote, ambao ulitamani sana kuula, ndio uuachie utoe maua yake ya manjano. Wiki mbili hadi tatu baada ya maua kufunga, vichwa vitatoa manyoya meupe, nawe uvikung'ute ndani ya mfuko wa karatasi siku kavu. Ukirudia hivyo msimu baada ya msimu, na mimea yako ikiwa na tofauti hata ndogo za asili, utajijengea mbegu iliyoizoea Likoni, mbegu ambayo hakuna duka litakalokuuzia.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi huku Muscat tuna uwanja mdogo. Je, mafundisho yenu ya Afrika Mashariki yanatufaa? *Msomaji wa Muscat, Oman*

JIBU: Waalaykum salaam. Yanafaa kwa namna ya kuotesha na kupandikiza, lakini kalenda ni tofauti kabisa. Kwenu msimu wa saladi ni wa baridi: otesheni miche ndani ya nyumba yenye kiyoyozi kuanzia mwishoni mwa Septemba, ipandikizeni joto la mchana likipungua mwishoni mwa Oktoba au Novemba, nanyi mtavuna hadi Machi. Mwezi Juni huko mchana unazidi saa 13, hivyo joto kali na mchana mrefu huja pamoja, na sioni sababu ya kuisumbua mimea nje wakati huo. Kwa pwani ya Tanzania na Kenya, wakati mwafaka ni kusia mwezi Mei masika yakielekea kuisha, ili miche ikomae katika kipupwe cha Juni hadi Agosti.

SWALI: Nina samadi ya ng'ombe ya bure kutoka kwa shangazi yangu, lakini nimeambiwa nisiitumie kwenye saladi. Pia vidukari wamejaa chini ya majani. Nipige dawa gani? *Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Mwambie shangazi ahsante, uipokee, lakini usiipeleke kwenye tuta ikiwa mbichi. Saladi huliwa bila kupikwa, na samadi mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha pamoja na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusana na udongo, ilhali saladi hukaa bustanini chini ya siku 60. Hesabu hiyo yenyewe inaonyesha kwamba samadi mbichi haina nafasi hapa. Irundike pamoja na majani makavu, iloweke kiasi, igeuze kila wiki hadi joto lake lishuke, harufu ya zizi iishe na iwe nyeusi yenye kumumunyuka mkononi. Maji ya kumwagilia nayo yawe safi. Maji ya mtaro au ya mto upitao katikati ya mji hayafai kwa mboga inayoliwa mbichi, hata kama jirani anayatumia.

Kuhusu vidukari, mboga iliyobakiza wiki mbili kuvunwa haistahili sumu. Geuza majani asubuhi na uwapige kwa maji yenye kasi, ukirudia siku tatu mfululizo, na wakizidi tumia maji yenye sabuni kidogo ya mche au mafuta ya mwarobaini, wakati wa jioni ili majani yasiungue. Jani lililokunjamana kwa wingi wao likatwe na kufukiwa. Chunguza pia kama sisimizi wanapanda kwenye mimea yako, kwa sababu huwalinda vidukari ili walambe utamu wanaoutoa, na ukiwazuia sisimizi, wadudu marafiki kama mbawakawa wadogo wenye madoadoa watapata nafasi ya kuwala. Mwisho, unapong'oa mmea uliokwisha kuvunwa, itazame mizizi yake: ukikuta vinundu vingi, hiyo ni minyoo fundo, na tuta hilo lisirudishiwe saladi, nyanya wala bamia msimu ujao. Hamishia miche yako kwenye viroba vyenye udongo mpya, na pale palipoathirika panda mahindi.